Mlango Ambao Mama Atupele Haingii

Jumamosi, mwezi wa saba. Mbeya.

Baridi ya leo si ya mchezo. Milima haijaonekana tangu asubuhi, na nimevaa soksi mbili lakini vidole bado vinalalamika. Nimerudi muda si mrefu kutoka kijijini, kule chini ya Tukuyu, sketi ikiwa na matope mpaka magotini. Nimeosha miguu kwenye beseni, chai ninayo mkononi, na bado sijatulia. Nina hasira na nina furaha, zimekaa ndani yangu kama wake wenza, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake.

Naandika sasa hivi kabla sijaanza kuipamba habari yenyewe. Najijua mimi.

Habari ni ya Atupele.

Ana miaka minane, ila ukimwona kitandani utadhani ana mitano. Moyo wake uliharibika baada ya ile homa ya viungo inayoanza kwa mtoto kuumwa koo na watu wakaidharau. Juu ya ugonjwa wa moyo ana kifafa. Kwa hiyo anameza vidonge vya moyo, vidonge vya kupunguza maji mwilini na vidonge vya kifafa, halafu kila mwezi anatakiwa kuchomwa sindano ya penisilini ili homa ile isirudi kuumalizia moyo uliobaki. Akiwa wodini kwetu anapata nafuu, anaimba, anawaamrisha watoto wenzake kama karani wa shamba. Akikaa kwao miezi michache tunaletewa mtoto aliyevimba miguu, hawezi kulala chali, anahema kama amekimbizwa.

Jumatatu iliyopita aliletwa tena. Ni mara ya tatu.

Na kila anaporuhusiwa tunafanya vilevile. Nesi anakaa na mama, anamweleza dawa moja moja, anampa karatasi aipeleke zahanati ya kijijini kwao ili sindano achomwe hukohuko asihangaike kuja Mbeya. Mama anaitikia, "Ee, sista." Faili linafungwa. Kitanda kinapata mtoto mwingine kabla shuka halijapoa. Mtoto aliyekuja na malaria akapona, na mtoto kama Atupele ambaye hatapona bali ataishi kwa kuangaliwa, wote tunawaaga kwa maneno yaleyale na karatasi ileile. Mpaka wiki hii sikuwahi kuona kasoro yake. Niliona ndiyo utaratibu.

Mama Atupele ni mwanamke mpole mno. Mumewe yuko kambi ya reli, anakuja nyumbani kwa nadra. Metroni wetu hana subira na mtu anayesema "ee" halafu hatendi, na Jumanne alitoa hukumu yake pale pale miguuni mwa kitanda. Mama huyu mkaidi, alisema. Dawa ipo, zahanati ipo, miguu anayo, kwa nini mtoto hachomwi?

Daktari hakumbishia. Alisema akimruhusu mtoto huyu tena bila uhakika wa sindano, atakuwa amemruhusu akafe.

Basi wakapanga. Baba mkubwa wa Atupele anafanya kazi Iringa mjini, nyumba yake iko karibu na hospitali, na mkewe ametuma neno kwamba yuko tayari kumpokea. Mtoto aondoke kwa mama yake, akalelewe Iringa. Daktari ataamua Jumatatu akipita wodini. Mama Atupele alipoambiwa alisema "ee" kama kawaida yake, halafu akageukia ukutani, na mabega nikayaona yanatikisika.

Mimi ni mtu wa Iringa, siwezi kuisema vibaya Iringa. Najua mtoto angepata chakula na angepelekwa hospitali. Lakini mimi ndiye ninayewaona hawa wawili mchana kutwa. Kabla kifafa hakijamshika, Atupele anaanza kusugua sikio. Mama yake akiona hivyo tu anamlaza kwa ubavu, anaondoa kikombe, anasubiri, hana kelele. Mama mkubwa wa watu huko Iringa atayajua lini hayo? Mtoto mwenye mambo mengi namna hii mwilini, ukimtenga na mtu mmoja anayeuelewa mwili wake, umemwongezea ugonjwa mwingine.

Niliyafikiria hayo yote, lakini mbele ya Metroni nilinyamaza, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki na mimi sikuwa na jibu. Kwa nini hachomwi?

Jibu liliingia wodini lenyewe siku ya Alhamisi, saa ya kutazama wagonjwa.

Mama Atupele alikuwa anamlisha mtoto uji. Akaingia mzee mmoja mrefu, koti zito, kofia mkononi, kikapu cha ndizi mbivu. Mama Atupele alimwona kabla yetu. Kijiko kikaanguka. Akavuta khanga mpaka machoni, akainama, akapita nyuma ya vitanda akiwa ameupa ukuta uso, akatokea mlango wa veranda. Mtoto ameachwa na uji kidevuni.

Nikawaka. Mimi nikiwaka sina breki. Nikamfuata hadi veranda, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya pipa la maji, nikamwambia, "Wewe mama, mgeni anakuja kumwona mwanao unakimbia, kwani umemwibia?" Hata kichwa hakuinua.

Mhudumu wetu wa wodi, mama Lugano, ambaye ni Mnyakyusa, akanishika mkono akanivuta pembeni.

"Sista, mwache. Yule ni mkwe wake, baba wa mume wake. Hatakiwi kumwona, wala yeye kuonwa naye."

"Hata hospitalini?"

"Hata wapi, sista. Akimsikia anakuja njiani, anaiacha njia."

Kwetu Uheheni heshima ya ukwe ipo, kila mtu anajua namna ya kumpisha mwenzake. Lakini hii ya kujificha nyuma ya pipa sikuwa nimeiona. Nikarudi ndani nimepoa kidogo, nikamsalimu mzee, nikampa kiti. Hakukaa. Alimshika mjukuu wake mguu, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, akatulia kuangalia shimo linavyochelewa kujaa. Mtu anayekuja kutazama mgonjwa tu habonyezi hivyo.

"Tata, wewe ni mganga?"

"Ndiyo, sista. Niko zahanati ya kijijini kwetu. Nilihamishiwa pale mwaka jana, mvua zilipoanza."

Nilibaki nimesimama na birika la uji mkononi, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Zahanati ileile.

Hapo ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake. Kabla ya mzee kulikuwa na mganga mwingine, mtu wa mbali, na wakati wake Atupele alichomwa kila mwezi bila kukosa. Mganga yule akahamishwa, akaletwa mzee, mwenyeji, na kijiji kizima kikafurahi. Tangu siku hiyo sisi huku Mbeya tumekuwa tukimtuma mama Atupele, kwa mhuri na saini, aende akasimame mbele ya mtu pekee duniani ambaye hawezi kusimama mbele yake.

Na mzee hakuwa na habari. Karatasi yetu hakuwahi kuiona. Mwanawe akija likizo humwambia mtoto anatibiwa Mbeya, na si uongo. Dawa ya mjukuu wake imekaa kabatini kwake muda wote huu, na mjukuu anapitishwa njia ya mbali mgongoni mwa mama yake, hao wanapotelea kwenye migomba.

Jioni nilikwenda kukaa na mama Atupele. Nilimwomba radhi kwa maneno ya veranda, naye akacheka kidogo akiwa ameficha mdomo. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Nilidhani mnajua, sista. Karatasi mliandika nyinyi."

Aliendelea mwenyewe, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Aliwaomba majirani wampeleke mtoto, mmoja akampeleka mara moja, kisha ikaja kahawa na kila mtu akawa shambani kwake. Siku nyingine alimbeba Atupele mpaka hospitali nyingine ya mbali, wakaisoma karatasi yetu wakamrudisha, kwamba zahanati yake imeandikwa pale, aende huko. Na kumtaja mkwe wake mbele ya wageni, tena kwa kulalamika, angeanzia wapi?

Metroni anamwita mkaidi. Mwanamke aliyetembea kutwa nzima na mtoto wa miaka minane mgongoni.

Ijumaa nilikwenda kwa Metroni. Nilijiandaa kusema kwa adabu, nikasema kwa adabu, na nilipoona anatafuta miwani yake badala ya kunisikiliza nikapandisha sauti kidogo. Nilimwambia huyu mama si mkaidi, sisi ndio hatukuuliza. Nikamwambia nataka kwenda na gari la chanjo kesho mpaka kijijini kwao nikaonane na mganga.

"Nesi wa wodi hana kazi barabarani, Yustina."

"Kesho ni siku yangu ya mapumziko, Metroni. Nitapumzikia barabarani."

Akasema mkoba wa chanjo nisiukalie. Nikajua nimepewa ruhusa.

Ndiyo safari ya leo. Landrova, matope, dereva anayeimba nyimbo za kanisani kwenye kila kona hatari. Zahanati ni nyumba ya mabati, mbele ina baraza na benchi, nyuma ina chumba cha mkunga chenye mlango wake unaotazama migomba. Nyuma hapapitiki vizuri, magugu yamefika kiunoni. Mzee alinikaribisha vizuri sana, akamwita na mkunga, dada mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu, anaitwa Subilaga.

Nikaanza kwa kukosea. Nilimwambia mzee kwamba maisha ya mtoto ni makubwa kuliko mila, kwa hiyo mama Atupele ajifunike khanga gubigubi, aingie, mtoto achomwe, atoke, jambo la dakika chache tu. Nilijiona nimesema la maana. Subilaga akaangalia sakafu. Mzee akakunja kofia yake, akaikunjua. Nilijua nimekanyaga pabaya, ila sikujua nimekanyaga nini.

"Sista," alisema mwishoni, "yule akiingia hapa kwa kulazimishwa, hatarudi tena. Na mtoto akizidiwa baadaye, atajua ni kwa sababu alivunja heshima. Mimi nitakuwa nimempa sindano moja na kumnyima zote."

Hakunisema kwa ukali. Ningefurahi angekuwa mkali.

Akaniambia zamani haikuwa na shida. Vijana walijenga kijiji chao, wazee wakakaa kwao, njia za mke wa mwana na za mkwe hazikukutana. Sasa watu wamekusanywa pamoja, nyumba zimepangwa mstari mmoja, baba hapa, mwana pale, na wanawake wanaishi kwa kuchungulia kabla ya kutoka nje. Alisema yeye mwenyewe asubuhi anakohoa kwa nguvu kabla ya kufungua mlango, kifua hakimuumi, ni kumpa mke wa mwanawe nafasi ya kupita. Mtu anakohoa kila siku ili mwingine aende kuchota maji kwa raha. Nilimsikiliza nikaona aibu kwa ile hotuba yangu ya khanga.

Nikauliza, "Subilaga si anaweza kumchoma?"

Mkunga akasema yeye ameruhusiwa mambo ya wajawazito na watoto wachanga. Sindano kama zile ni za mganga, ndivyo walivyoelekezwa. Tulikuwa watu watatu wazima, sindano ipo, dawa ipo, mtoto yupo, na kinachokosekana ni mkono unaoruhusiwa.

Ni mzee aliyepata njia. Yeye ataichanganya dawa na kuivuta kwenye bomba, ataiweka kwenye sinia na kuifunika kitambaa. Halafu atatoka mlango wa mbele, atakaa barazani na wagonjwa wengine, atakohoa. Subilaga atafungua mlango wa nyuma, mama na mtoto wataingia, Subilaga atachoma. Mama atamweleza kama miguu imevimba, kama mtoto analala chali, kama kifafa kimerudi. Wakishaondoka, Subilaga atampa mzee habari zote. Vidonge navyo vitapita njia hiyohiyo. Mzee akiona mambo si mazuri, ataandika barua na gari la chanjo litaileta kwetu wodini, kwangu mimi kwa jina, isizunguke maofisini. Subilaga atahitaji kibali cha Daktari, na hicho nimeahidi mimi kukitafuta. Siku atakayokuwa hayupo, hatukuimaliza hiyo. Nimeiacha wazi na sijaisahau.

Basi mzee akaingia bustanini akarudi na papai bichi. Mafunzo yakaanza palepale mezani. Subilaga ameshazalisha nusu ya kijiji bila mkono kutetemeka, lakini papai lilimtoa jasho. "Usilichome kama unaua nyoka," mzee alimwambia, naye akacheka mpaka bomba likamponyoka. Akarudia, akarudia, mpaka papai likawa linavuja kila upande na mkono wake ukawa umetulia. Nilimsimamia mwenyewe mara za mwisho. Yuko tayari.

Nimefika wodini jua likiwa bado lipo. Mama Atupele alikuwa anamsuka mtoto. Nilimweleza yote tangu mwanzo, sinia, kikohozi, mlango wa nyuma, Subilaga na papai lake. Hapo kwenye papai Atupele akacheka akasema yeye si papai. Mama alikuwa anasikiliza mikono ikiwa imesimama kwenye nywele.

Nilipomaliza nilingoja ile "ee" yake. Haikuja. Akaniuliza, "Na Subilaga akiwa amekwenda kuzalisha, nitafanyaje?"

Nikamwambia jibu sina, tutalitafuta pamoja. Lakini ningeweza kumkumbatia pale pale. Laiti tungemruhusu mama huyu kuuliza swali lake moja mwaka jana, badala ya kummiminia maelezo na kumpa karatasi.

Kwa hiyo nimeamua. Jumatatu, Daktari akifika kwenye kitanda cha Atupele, sitakaa kimya. Nitaomba kibali cha Subilaga, na nitaomba Iringa isubiri. Akikataa nitaomba tena Jumanne. Na kuanzia Jumatatu, mtoto yeyote wa wodi hii mwenye ugonjwa zaidi ya mmoja, au mwenye dawa asiyotakiwa kuiacha, au aliyewahi kurudi kwetu amezidiwa, haagwi kwa karatasi tu. Nitakaa na mama yake nimuulize: huko unakokwenda, nani atamchoma, nani atakupa dawa, na je, mtu huyo unaweza kumfikia? Halafu nitafunga mdomo wangu nisikilize. Hilo la mwisho ndilo litakalonishinda, lakini nitajitahidi.

Jumanne anaruhusiwa mtoto wa wafugaji wa Usangu, kule upande wa Igawa, ana kisukari. Tumeshamwandikia zahanati. Hakuna aliyemuuliza mama yake kama kiangazi hiki ng'ombe watakuwa hapo.

Nilitaka kuishia hapa, lakini kuna jambo sijaliandika.

Wakati naondoka kule, dereva ameshawasha gari, nilimuuliza mzee kama ana neno la kumpelekea mke wa mwanawe. Swali la kijinga, nalijua, hawatumiani maneno hawa. Mzee alivua koti lake zito, akalitundika kwenye msumari wa barazani, akachukua panga nyuma ya mlango. Gari lilipogeuza pale uwanjani nilimwona kupitia dirishani, mganga wa zahanati na shati lake jeupe, kwenye baridi ile, anafyeka magugu kuanzia mlango wa nyuma kuelekea migombani.